Kiingereza cha Kusema katika Sekondari za Upareni

Mtoto wa Upareni anapoingia kidato cha kwanza anakuwa tayari na lugha mbili. Nyumbani, hasa juu milimani, Chome, Mbaga, Vudee au Mamba, amekulia kwenye Chasu, yaani Kipare, cha bibi na babu. Shule ya msingi ameisoma kwa Kiswahili. Kiingereza alikuwa nacho kama somo tu, na mara nyingi somo hilo nalo lilifafanuliwa kwa Kiswahili ili lieleweke. Januari ikifika ananunuliwa kauntabuku, anashuka bwenini Same mjini au anaanza kutembea kwenda shule ya kata, na tangu siku hiyo karibu kila kipindi ni cha Kiingereza. Usanisinuru aliouelewa barabara shule ya msingi unageuka kuwa "photosynthesis", na mtoto aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono anahamia dawati la nyuma.

Mpaka huu ni wa siku nyingi. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi za serikali mwaka 1967, enzi za Elimu ya Kujitegemea, na sekondari ikaachwa kwenye Kiingereza. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Clive Criper na William Dodd, walieleza katika ripoti yao kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kusomea masomo mengine. Mwaka 1987 ukaanza mradi uliosaidiwa na Uingereza wa kupeleka shuleni vitabu vyepesi vya hadithi. Mabishano juu ya lugha ya kufundishia hayajaisha hadi leo, lakini mwanafunzi aliyeko darasani hana nafasi ya kuyasubiri. Mtihani wake wa kidato cha nne utakuja kwa Kiingereza, na maisha baada ya mtihani nayo yatamdai lugha hiyo kwa namna ambayo mtihani haukumdai.

Namna hizo mbili ndizo zinazochanganywa. Somo la Kiingereza kidato cha nne hupimwa kwa karatasi ya maandishi ya saa tatu: ufahamu, muhtasari, sarufi, utungaji na maswali ya fasihi. Hakuna sehemu inayomtaka mtahiniwa afungue kinywa, wala inayopima kama amemsikia mtu akisema. Shule hufundisha kile kinachopimwa, na si ajabu. Matokeo yake ni kijana mwenye alama C kwenye cheti, anayeweza kugeuza sentensi kutoka kauli ya kutenda kwenda ya kutendwa bila kukosea, lakini akiulizwa njia na mgeni pale stendi ya Same anatabasamu, anasema "Yes", kisha anamtafuta mwenzake wa kumsukumia.

Tukio hilo la stendi linastahili kutazamwa kwa karibu, maana linaonyesha mawasiliano ni kitu gani. Mgeni anauliza: "Excuse me, where can I get a car to Mbaga?" Kila neno katika swali hilo limefundishwa kabla ya kidato cha pili kwisha. Linalomkwamisha kijana ni mambo mengine. Kwanza, maneno yamemjia yakiwa yameungana, kwa kasi, na sikio lake limezoea Kiingereza cha kuandikwa ubaoni neno moja moja. Pili, anatafuta sentensi iliyokamilika kabla ya kuanza kusema. Tatu, anawaza watu waliosimama pembeni watacheka. Mgeni hahitaji sentensi iliyonyooka. Anahitaji kujua gari liko wapi na linaondoka lini. "Over there, behind the shop. It goes when it is full" inamtosha kabisa, na mwalimu mwenye kalamu nyekundu hayupo pale. Kijana akikosa kusikia vizuri, bado ana njia: "Sorry, could you say that again?" Sentensi ya namna hii, ya kuomba jambo lirudiwe, ina thamani kuliko orodha ya misemo hamsini iliyokaririwa, kwa sababu inayaweka mazungumzo hai pale ambapo yangekufa. Tatu zinatosha kuanzia: ya kuomba jambo lirudiwe, ya kuuliza maana, "What do you mean by that?", na ya kuuliza jina la kitu, "What do you call this in English?" Hiyo ya mwisho wengi huisema kwa "How", wakifuata Kiswahili chetu cha "mnaitaje". Isahihishwe mapema kwa sababu itatumika kila siku.

Sikio ndilo la kuanza nalo, ingawa shuleni hupewa nafasi ya mwisho. Mmisionari Mwadventista Ernst Kotz, aliyefanya kazi Upareni katika miaka ya kwanza ya karne ya 20, alichapisha sarufi ya Chasu kwa Kijerumani mwaka 1909. Kabla ya kitabu cha namna hiyo, aliyetaka kuijua lugha hiyo ilimlazimu kukaa na wenyeji na kusikiliza. Mwanafunzi wa leo yuko upande wa pili wa jambo hilo. Vitabu vya sarufi anavyo, ila Kiingereza cha kusikiliza kinamfikia kwa shida. Shule nyingi haziruhusu simu, na mabondeni mwa milima redio hukamata na kupotea. Hata hivyo mwalimu yupo. Akisoma kwa sauti aya moja fupi mara tatu, wanafunzi wakiwa wamefunga vitabu, na mara ya tatu wakaandika walichosikia, dakika kumi zinakuwa zimefanya kazi ambayo nusu saa ya kunakili notisi haifanyi. Imla imeonekana kama kitu cha shule ya msingi. Katika lugha ya kigeni inafaa mpaka kidato cha sita.

Wakati wa likizo, pale simu ya mzazi au ya kaka inapopatikana, kosa la kawaida ni kuwasha taarifa ya habari ya nusu saa na kuiacha ipite kama upepo. Dakika mbili zinatosha. Mara ya kwanza mwanafunzi asikilize bila kusimamisha na ajiulize jambo moja: wanaongelea nini? Mara ya pili aandike maneno aliyoyashika, hata kama ni saba tu. Mara ya tatu na ya nne asimamishe kila sentensi na kuirudia kwa mdomo, akifuata mpandosauti wa msemaji. Mara ya tano asikilize tena mfululizo. Wengi hushangaa kwamba msemaji yule yule sasa anaonekana kama amepunguza kasi.

Kuhusu matamshi, wanafunzi wa Same wana kitabu cha bure katika jina la mji wao. Mgeni ambaye hajawahi kufika, akiona kibao kilichoandikwa "Same" kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi, anasoma "seim", kwa sababu kwake hilo ni neno lenye maana ya "ileile". Akifika kwenye "Pare" anasoma kitu kinachokaribia "pea". Wenyeji hucheka, na wana haki, lakini kicheko hicho kina somo. Herufi za Kiswahili zinasema kile kinachosomwa. Herufi za Kiingereza zimebeba historia ya mamia ya miaka na hazisemi ukweli wote. Mwanafunzi anayesoma neno la Kiingereza kama linavyoandikwa anafanya kosa lile lile la mgeni, ila kwa upande wa pili. Kwa hiyo neno jipya lisiingie daftarini bila sauti yake. Likitoka kwa mwalimu, liandikwe pamoja na namna linavyotamkwa kwa tahajia ya Kiswahili, hata kama si sahihi kwa asilimia mia. Kamusi nzuri huonyesha matamshi, na mwalimu anaweza kutumia kipindi kimoja kufundisha alama zake.

Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha Uingereza, ukihesabu na zile zinazoteleza kutoka irabu moja kwenda nyingine, kina sauti za irabu zipatazo ishirini. Mzungumzaji wa Kiswahili huzikusanya zote katika tano zake, ndiyo maana "hat", "hut", "heart" na "hurt" hutoka kinywani zikiwa neno moja, na anayesema anakwenda shule kwa miguu, "walk", anasikika kama anayefanya kazi, "work". Si lazima mwanafunzi wa Hedaru asikike kama mtangazaji wa London. Hilo si lengo, na wanaolifanya lengo hupoteza muda wakibana pua. Lengo ni neno lisichanganywe na neno jingine. Jozi kumi za namna hiyo, zikifanyiwa mazoezi wawili wawili, mmoja anatamka na mwenzake ananyooshea kidole neno alilosikia, zinaondoa matatizo mengi. Kwa upande wa "th", Mswahili ana faida kuliko mataifa mengi: sauti hizo zimo katika "thelathini" na "dhahabu". Anayesema "selasini" na "zahabu" aanzie hapo hapo, kwenye Kiswahili, kisha ahamie "three" na "this".

Mkazo ni jambo la pili na pengine ndilo kubwa zaidi. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, karibu bila kukosa. Tabia hiyo inahamia kwenye "vegetable" na "necessary", maneno ambayo Mwingereza huyakazia mwanzoni na kuyameza mwishoni. Neno lenye irabu isiyo kamili bado linaeleweka. Lenye mkazo mahali pasipo pake humfanya msikilizaji asimame na kujiuliza limesemwa neno gani.

Sarufi haiachwi, ila inabadilishiwa mlango. Makosa mengi ya mzungumzaji wa Kiswahili yana sababu, na akiijua sababu anajisahihisha mwenyewe. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika "yeye", basi dada anakuwa "he" na mjomba anakuwa "she" katikati ya maongezi. Kitenzi cha Kiswahili hubeba kiambishi cha mtenda hata mtenda akiwa ametajwa, "baba anakwenda", basi inazaliwa "my father he goes". Kuazima kwa Kiswahili ni kutoa na ni kupokea, kwa hiyo "borrow me a pen" inasikika kila siku madarasani. Mkono ni "hand" na ni "arm", mguu ni "foot" na ni "leg". Mgonjwa anayemwonyesha daktari Mwingereza mahali panapouma asitegemee neno peke yake. Na kusikia, kitenzi kinachobeba sauti, njaa na baridi vyote kwa pamoja, kikihamishwa kilivyo kinamfanya mtu aseme anaisikia njaa kwa masikio.

Pale panapohitaji utulivu zaidi ni kwenye kiambishi -me-. Wanafunzi wengi wamefundishwa kwamba -me- ni "have" na mambo yameisha. Katika "amefika" ni kweli: "he has arrived". Lakini "amelala" siyo "he has slept". Mtu anayesema "amelala" kwa kawaida anamwona mwenzake yuko kitandani, macho yamefumba. Kiingereza kinasema "he is asleep" au "he is sleeping". Vivyo hivyo "amechoka" ni "he is tired", "amevaa" ni "she is wearing", "amesimama" ni "he is standing", na "ameshiba" ni "he is full". Kipimo chake ni rahisi. Kama -me- inaeleza hali inayoonekana sasa hivi, Kiingereza kinataka "is". Kama inaeleza tendo lililokwisha na kuacha matokeo, kinataka "has". Upo pia mtego wa muda. Kwa Kiswahili mtu husema "amefika jana" na hakuna anayekunja uso. Kiingereza kikishaona "yesterday" kinafunga mlango wa "has" na kudai "arrived". Mwalimu akitenga kipindi kizima kwa -me- peke yake, akianzia na sentensi za Kiswahili ubaoni, atakuwa ametibu kosa ambalo wengine hufika nalo chuo kikuu.

Hapo ndipo inapoonekana kwamba vibao vinavyowekwa shuleni kukataza Kiswahili, na adhabu zinazoambatana navyo, vinafanya kazi kinyume na vilivyokusudiwa. Mwanafunzi aliyekatazwa Kiswahili na asiye na Kiingereza cha kutosha hasemi Kiingereza. Ananyamaza. Ukimya huo hauadhibiwi na mtu, kwa hiyo ndio usalama wake. Shule inayotaka maongezi iweke saa na mahali pa Kiingereza, iruhusu mawazo kupangwa kwa Kiswahili, na idai kwamba kinachotolewa mbele ya darasa kiwe kwa Kiingereza. Kwenye diskasheni ya jiografia, kwa mfano, kundi likijadili mmomonyoko wa udongo dakika tano kwa Kiswahili, kisha likapewa dakika tano za kutafuta namna ya kuyasema yale yale kwa Kiingereza, sentensi zitakazotoka zitakuwa za wanafunzi wenyewe. Bila hatua ya kwanza, hutoka sentensi za kitabu, zilizomezwa na kutemwa zilivyo.

Kicheko kinahitaji sheria yake. Darasa la kidato cha kwanza Same huwa na watoto waliotoka shule za ingilishi midiamu wakikaa dawati moja na waliotoka shule za msingi za vijijini, na wa kwanza huwacheka wa pili, wakati mwingine bila ubaya. Mwalimu hawezi kukifuta kicheko kwa amri. Anaweza kuwaunganisha hao wawili katika kazi moja: mwenye Kiingereza awe mwandishi, mwenye jambo la kusema awe msemaji. Mtoto wa kijijini mara nyingi ana mengi zaidi ya kusema kuhusu mashamba, maji na mifugo, na mwenzake anagundua kwamba Kiingereza chake kizuri hakina cha kusimulia.

Jambo la kusema ndilo linaloamua yote. Kiingereza kisicho na habari ndani yake hakikui, na milima ya Pare imejaa habari. Mfano unaofaa kufanyiwa zoezi ni ndiva, lile bwawa dogo la jadi la kuhifadhi maji ya umwagiliaji linaloonekana kwenye miteremko ya Upare Kusini, ikiwamo ile inayoshuka kuelekea Makanya. Kiingereza hakina neno moja la ndiva. Mwanafunzi anayetegemea kamusi atakwama hapo hapo, na kukwama huko ni mwanzo mzuri wa somo.

Jaribio la kwanza la mwanafunzi wa kidato cha pili huwa hivi: "A ndiva is a place of water." Sentensi haina kosa la sarufi, lakini inaweza kuwa kisima, ziwa au bomba. Mwalimu asiichore mstari mwekundu, aulize swali la msikilizaji asiyejua: "What does it look like?" Linakuja jaribio la pili: "It is a small dam. People made it with soil and stones." Sasa kuna umbo. Swali linalofuata ni kwa nini ijengwe, wakati mto upo. Hapo mwanafunzi anarudi nyumbani kwa mawazo, anakumbuka mfereji na baba anayetoka alfajiri na jembe begani, na anasema: "At night nobody uses the water, so the stream fills the ndiva. In the morning they open it and the farmers share the water in turns." Neno "turns" huenda likahitaji kuombwa kwa mwalimu, na likiombwa kwa ajili ya zamu ya maji halisahauliki tena. Sentensi nne zimefanya kazi ya neno lisilokuwapo. Ustadi huu wa kuzunguka neno usilolijua ndio unaomtofautisha mwenye lugha na mwenye orodha ya misamiati. Na ndio huo huo unaotakiwa kwenye swali la muhtasari katika mtihani, kwa hiyo anayehofia alama asione kwamba anapoteza muda.

Baada ya ndiva yako mengine mengi. Tangawizi ya Mamba na Myamba, kuanzia kupanda mpaka gunia kufika sokoni, inafundisha mfuatano wa matukio. Tofauti ya hewa kati ya Same mjini, penye joto na vumbi, na Shengena, kilele cha Upare chenye mita zipatazo 2,460, inafundisha ulinganishi bila kutaja neno "comparative". Faru weusi wa Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, ambayo lango lake la Zange liko karibu kabisa na mji, wanafundisha kueleza sababu: kwa nini wamewekewa uzio, nani anawalinda, wanalindwa dhidi ya nini. Isaria Kimambo, mwanahistoria Mpare, alikusanya masimulizi ya wazee wa huko na kuyatoa kwa Kiingereza katika kitabu cha historia ya kisiasa ya Wapare kilichochapishwa mwaka 1969. Kazi aliyoifanya kwa kiwango cha juu, mwanafunzi anaweza kuifanya kwa kiwango cha likizo: amuulize babu jambo moja kwa Chasu, aliandike kwa Kiswahili, alisimulie darasani kwa Kiingereza.

Adabu nayo ina sarufi yake. Mtoto aliyelelewa kwa "shikamoo" anajisikia vibaya kumkabili mtu mzima kwa lugha isiyo na shikamoo, na wengi hukaa kimya mbele ya mgeni kwa sababu hiyo, si kwa kukosa maneno. Afahamishwe kwamba Kiingereza huweka heshima mahali pengine: kwenye "could", "would", "please", na kwenye kuuliza badala ya kuagiza. "Naomba maji" ni adabu tosha kwa Kiswahili. Ikitafsiriwa kuwa "Give me water" imevuliwa nguo. "Could I have some water, please?" ndiyo inayovaa heshima ile ile. "Pole" haina mwenzake kamili. "I'm sorry" huubeba mzigo wake nusu, na Mwingereza aliyejikwaa mwenyewe akiambiwa "sorry" na mpita njia anaweza kushangaa kwa nini anaombwa radhi.

Dibeti na hotuba ya asubuhi kwenye paredi ni mali ambayo shule nyingi tayari zinayo na kuitumia vibaya. Kila mwanafunzi wa sekondari anajua ufunguzi: salamu kwa mwenyekiti, katibu, mtunza muda, wasemaji wenzake na hadhira yote, kisha tamko la kuunga mkono au kupinga hoja. Ufunguzi unatiririka kama maji. Ukiisha, hoja moja inasomwa kwenye karatasi na msemaji anarudi kukaa huku akipigiwa makofi. Karatasi ndiyo ingeondolewa kwanza. Msemaji aruhusiwe maneno matano tu kwenye kipande cha karatasi, na kila msemaji alazimike kujibu hoja moja ya aliyemtangulia kabla ya kutoa yake. Hoja zenyewe zibadilishwe. Swali la kama maisha ya mjini ni bora kuliko ya kijijini limejadiliwa tangu enzi za wazazi wao na majibu yake yanarithiwa. Swali la kama kijiji kiruhusu bodaboda kupita kwenye barabara ya msituni, au kama zamu ya maji ianze na wa juu au wa chini, halina majibu ya kurithi.

Kusoma kunalisha kusema, mradi kitabu kiwe chepesi kidogo kuliko uwezo wa msomaji. Vitabu vya Richard Mabala, "Hawa the Bus Driver" na "Mabala the Farmer", vimetumika kwa miaka mingi katika vidato vya chini na vinafaa kwa sababu watu wake wanaishi maisha ya Kitanzania. Kitabu kisomwe kizima kwanza kwa raha, bila kamusi, ndipo sura moja isimuliwe kwa mdomo kwa mwenzake ambaye hajaifikia. Wanaokimbilia muhtasari wa dukani hupata majina ya wahusika na dhamira, wakakosa kitu kimoja kikubwa, yaani sentensi elfu kadhaa za Kiingereza zilizopita machoni zikiwa na maana.

Wazazi wengi hujiona hawana msaada kwa kuwa hawakijui Kiingereza. Msaada wao haudai lugha hiyo. Mzazi anayemuuliza mtoto leo amesoma nini, na kumtaka aeleze mara moja kwa Kiingereza na mara moja kwa Kiswahili, atajua kwa sikio tu kama mtoto anasita au anatiririka. Fedha ikiwapo, kamusi ya Kiingereza na Kiswahili inadumu kuliko kozi ya mwezi mmoja. Ile ya TUKI iliyotoka mwaka 1996 bado ni ya kutegemewa. Kuhusu inglishi kozi zinazofunguliwa kila baada ya mtihani wa darasa la saba, kipimo ni kimoja: mzazi apite nje ya dirisha. Sauti ya mwalimu peke yake ikisikika saa nzima, hapo hakuna tofauti na shule.

Kwa walio kidato cha tano na cha sita haraka inaongezeka. Vyuo vikuu vya nchini huwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza somo la stadi za mawasiliano kwa sababu wengi huwasili wakiwa hawawezi kufuata mhadhara na kuandika notisi kwa wakati mmoja. Zoezi lake linaweza kuanza mapema, kwenye prepu: mmoja anaeleza mada ya baolojia au historia dakika tano bila kusoma, wengine wanaandika mambo makuu, kisha wanalinganisha walichoandika. Usaili wa kazi nao una mazoezi yake, na swali linaloangusha wengi ni lile fupi, "Tell us about yourself". Anayelijibu kwa jina, kijiji na shule alizosoma amemaliza sekunde ishirini na hana tena la kusema. Ajiandae na jambo moja alilolifanya, likiwa na mwanzo, tatizo na namna lilivyokwisha, hata kama ni kuongoza bustani ya shule wakati wa ukame.

Maendeleo hupimwa kwa kitu kile kile kinachofundishwa. Mwanzoni mwa muhula kila mwanafunzi aeleze jambo moja, iwe ndiva, njia ya kwenda kwao au kazi ya mama yake, kwa dakika mbili, mwalimu akirekodi kwa simu yake. Pasipo simu, mwenzake ahesabu sentensi na kuandika mahali alipokwama. Mwisho wa muhula aeleze jambo lile lile. Kinachoangaliwa ni urefu wa vituo vya kimya, mara alizokimbilia Kiswahili, na kama msikilizaji asiyekijua kijiji chao angeweza kufika.